Mgonjwa Mmoja, Bango Moja: Namna ya Kuandaa Kisa cha Wodini kwa Ajili ya Kongamano

Kila tangazo la kongamano la kitabibu linapotoka, maswali huwa yale yale. Madaktari watarajali, wauguzi na wanaosomea ubingwa wanataka kujua: kisa nilichonacho kinatosha? Naanza na nini? Bango liwe na maneno mangapi? Wengi huuliza zikiwa zimebaki siku chache, mgonjwa ameshaondoka hospitali na faili lake limerudi kwenye kabati la kumbukumbu.

Makala haya yanafuata kazi yenyewe ilivyo, tangu mgonjwa akiwa kitandani hadi saa ya kusimama mbele ya bango. Mfano utakaotumika ni wa kubuni, lakini ugonjwa wake ni wa kweli na unafahamika Kanda ya Ziwa. Kijana anayefanya kazi majini katika Ziwa Victoria anafika hospitali miguu imelegea na mkojo umeziba. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Baadaye mayai ya kichocho yanaonekana kwenye choo chake, kipimo cha MRI kinaonyesha uvimbe sehemu ya chini ya ugwe wa mgongo, na anapewa prazikwanteli pamoja na dawa za steroidi.

## "Kisa changu ni cha kawaida mno"

Hofu hii huwarudisha nyuma wengi, na mara nyingi haina msingi. Hakuna anayedai ugonjwa ambao haujawahi kuonekana duniani. Kinachotafutwa ni jambo ambalo daktari wa wilaya nyingine akilijua, atamhudumia tofauti mgonjwa wake ajaye. Ugonjwa wa kila siku uliokuja kwa sura isiyozoeleka unafaa. Dawa iliyozoeleka iliyoleta madhara yasiyotarajiwa inafaa. Utambuzi uliochelewa, kama sababu ya kuchelewa inaelezeka, unafaa sana, ingawa wengi huona haya kuueleza.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile. Uvimbe huo haukuwa mgeni Uganda. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo zilikuwa na wagonjwa wa aina hiyo tangu miongo mingi nyuma. Burkitt alichofanya ni kulinganisha, kupiga picha, kupekua mafaili na kuandika. Taarifa yake ilitoka mwaka 1958 katika British Journal of Surgery, na leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Tarehe 5 Juni 1981, jarida la kila wiki la kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani lilichapisha taarifa fupi iliyoandaliwa na Michael Gottlieb na wenzake kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Wawili walikuwa wameshafariki. Waandishi hawakuwa na jina la tatizo hilo, lakini waliandika walichokiona kwa usahihi. Ndiyo taarifa ya kwanza ya kitabibu kuchapishwa juu ya ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI.

Kisa cha kuachwa pembeni, hata kama kinavutia, ni hiki:

- Faili lina mapengo na majibu ya kipimo kikuu hayapatikani.
- Utambuzi umebaki wa kukisia, na hakuna maelezo ya kwa nini magonjwa mengine yaliondolewa.
- Haijulikani mgonjwa aliishia wapi.
- Mgonjwa, au familia yake, hakukubali.

## Ridhaa kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, na ndipo pasipo na njia ya mkato. Fomu aliyosaini mgonjwa ili afanyiwe upasuaji hairuhusu habari zake kubandikwa ukutani mbele ya watu asiowajua. Ridhaa ya bango ni nyingine, huandikwa peke yake, na wakati mzuri wa kuiomba ni kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kumtafuta baadaye kwa namba ya simu iliyobadilika kumezima visa vingi vizuri.

Mgonjwa aelezwe, kwa Kiswahili chepesi au kwa lugha ya nyumbani kwake kupitia mkalimani:

- kwamba habari na picha zake zitaonyeshwa kwa wataalamu, na huenda bango likawekwa mtandaoni;
- kwamba jina halitaandikwa, lakini hakuna anayeweza kumwahidi kuwa hakuna atakayemtambua kabisa;
- kwamba akikataa, matibabu yake yatabaki vilevile;
- kwamba anaweza kubadili mawazo kabla bango halijachapishwa;
- picha zipi hasa zinatakiwa. Aonyeshwe, azitazame mwenyewe.

Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mmoja wa timu inayomtibu. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe. Mgonjwa aliyefariki anawakilishwa na ndugu wa karibu; mazungumzo hayo yasubiri msiba upoe, na yafanywe na mtu ambaye familia inamfahamu.

Kuna jambo ambalo fomu haiwezi kulitatua. Wagonjwa wetu wengi husita kumkatalia daktari aliyewashikia maisha. Ndiyo yao inaweza kuwa ya heshima au ya woga. Kwa hiyo ni bora ombi litolewe na mtu mwingine, kwa mfano muuguzi mwandamizi au daktari asiyehusika na matibabu, na mgonjwa apewe hata siku moja ya kushauriana na watu wake.

Upande wa sheria nao haupuuzwi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zote mbili zinahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Kuhusu kibali cha kamati ya maadili, taasisi nyingi hazihesabu kisa cha mgonjwa mmoja kuwa utafiti kamili, ila nyingine hutaka barua. Jibu la uhakika linatoka kwenye kamati ya hospitali husika, si kwa rafiki aliyewasilisha mwaka jana kwingineko.

## Kumficha mgonjwa kwa kweli

Kuziba macho kwa ukanda mweusi hakutoshi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inasema wazi kwamba kufunika macho pekee hakumfichi mtu. Ndugu humtambua mtu kwa mdomo, kovu, chale au pete ya kidoleni.

Maneno nayo humfichua mtu. "Mvuvi wa miaka 23 kutoka kijiji fulani cha Ukerewe, aliyelazwa tarehe 14 Machi" ni mtu anayejulikana na kijiji kizima. "Mwanamume wa miaka ya ishirini anayefanya kazi katika maji ya Ziwa Victoria" inabeba kila kinachohitajika kitabibu. Tarehe zigeuzwe kuwa siku ya 1, siku ya 6, siku ya 15.

Mtego mmoja hunasa hata waangalifu. Picha za eksrei na ultrasaundi huwa na jina na namba ya mgonjwa kwenye kona. Ukikata kona hiyo ndani ya PowerPoint, sehemu iliyokatwa inafichwa tu; atakayepokea faili anaweza kuirudisha. Kata picha kwenye programu ya picha, ihifadhi upya, ndipo uiweke kwenye bango.

## Sentensi moja kwanza

Kabla ya kompyuta kufunguliwa, mwandaaji aandike kwenye karatasi sentensi moja: mtu akipita mbele ya bango kwa nusu dakika, aondoke na nini? Sentensi ikigoma kukamilika, kisa bado hakijaiva, na kuongeza maneno hakutakiivisha.

Kwa kijana wa mfano wetu, mwanzoni wengi wangeandika: "Kichocho ni tatizo kubwa la afya barani Afrika." Ni kweli, na hakuna daktari asiyelijua. Yenye kazi ni hii: "Kijana wa kando ya ziwa anayelegea miguu ghafla apimwe kichocho sambamba na kifua kikuu, siku ileile ya kwanza." Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua picha ipi ibaki, jedwali lipi litoke, na kichwa cha bango kisomeke vipi.

## Ikisiri, mlango wa kuingilia

Waandaaji wa kongamano huchagua mabango kwa kusoma ikisiri peke yake. Nyingi hutakiwa ziwe na maneno 250 hadi 300, na mfumo wa kupokea hukata palepale idadi inapozidi. Mwongozo wa kutegemea ni CARE, uliochapishwa mwaka 2013 mahsusi kwa taarifa za visa vya wagonjwa. Una vipengele 13, vikiwemo historia ya mgonjwa, mtiririko wa matukio, vipimo, matibabu, ufuatiliaji, ridhaa, na kimoja ambacho huku kwetu husahaulika: maoni ya mgonjwa mwenyewe. Kauli yake fupi, kwa mfano kuhusu siku alizokaa bila kujua kama atatembea tena, ina haki ya kuwa juu ya bango.

Maonyo mawili kuhusu ikisiri:

1. Usiandike "kisa cha kwanza nchini" kwa kuwa hujawahi kukisikia. Tafuta PubMed na pia African Journals Online, ambako machapisho mengi ya Afrika hupatikana. Hata baada ya hapo, andika "kwa kadiri tulivyotafuta".
2. Mgonjwa mmoja aliyepona hathibitishi kwamba dawa inafanya kazi. Andika kwamba alipata nafuu baada ya dawa. Usiandike kwamba dawa ilimponya. Wakaguzi huiona tofauti hiyo haraka.

## Kupanga bango

Kwanza soma maelekezo ya kongamano: ukubwa, na kama ni la kusimama au la kulala. Ukubwa uliozoeleka ni A0, yaani milimita 841 kwa 1189. Ubao ulioandaliwa kwa bango la kusimama haupokei la kulala, na kosa hilo hugunduliwa asubuhi ya siku yenyewe. Makongamano mengine sasa hutumia skrini. Hapo bango huwa pana na herufi zinatakiwa kuwa chache zaidi.

Maneno yote ya bango yasizidi 500 hivi. Wengi hubisha: "Lakini kisa ni kirefu!" Kirefu kitakuwa kwenye makala ya jarida. Mbele ya bango watu wamesimama, wana kikombe cha chai mkononi na mabango mengine mengi yanawasubiri.

Historia ndefu ya mgonjwa ibadilishwe kuwa mstari wa matukio. Kwa kijana wetu wa kubuni ungeonekana hivi:

- Siku ya 1: maumivu ya kiuno.
- Siku ya 4: miguu inalegea, mkojo unaziba.
- Siku ya 6: analazwa, eksrei ya mgongo haina kasoro, dawa za kifua kikuu zinaanzishwa.
- Siku ya 15: choo kinapimwa, mayai ya kichocho yanaonekana, MRI inafanyika.
- Siku ya 16: prazikwanteli na steroidi.
- Siku ya 60: anatembea kwa fimbo.

Mistari sita, na pengo la siku ya 6 hadi ya 15 linajionyesha bila kuelezwa. Pengo hilo ndilo somo, na halifai kufichwa kwa lugha laini. Liandikwe bila kumnyooshea mtu wala kituo kidole: kilichokosekana ni kipimo cha choo, ambacho darubini ya kituo cha afya inakiweza.

Baada ya hapo vinafuata vipimo, magonjwa yaliyofikiriwa na sababu ya kuyaacha, matibabu, kisha mjadala wa sentensi nne au tano. Utangulizi uwe mfupi kabisa.

Kuhusu herufi: kichwa kifike pointi 85 au zaidi, vichwa vidogo 40 hivi, maelezo yasishuke chini ya 24, na 28 ni bora. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa huko Marekani, alieneza muundo unaoweka hitimisho katikati kwa maandishi makubwa na msimbo wa QR wa maelezo zaidi. Si lazima kuufuata wote, lakini kuipa ile sentensi moja nafasi kubwa kuliko kitu kingine ni wazo zuri.

Jaribio rahisi la usomekaji: chapisha bango zima kwenye karatasi ya A4. A4 ina upana wa robo ya A0, hivyo karatasi ikishikwa sentimita 40 kutoka machoni, macho yanaona kama yatakavyoliona bango kutoka mita 1.6. Kisichosomeka kwenye A4 hakitasomeka ukumbini.

## Picha na namba

Mwandaaji wa hospitali isiyo na MRI huona kwamba hana cha kuonyesha. Anacho. Picha ya yai la kichocho chini ya darubini, lenye mwiba wake wa ubavuni unaotambulisha *Schistosoma mansoni*, inafundisha kuliko picha nyingine yoyote kwenye kisa hiki.

Picha itakayochapishwa kwa upana wa sentimita 20 inahitaji takriban pikseli 2,400 ili iwe safi kabisa, na isipungue 1,200. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora; itumwe kama hati, au ichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Kupiga picha ya skrini ya mashine kwa simu, taa ya dari ikimulika juu yake, ni kujiharibia. Kila picha iwe na mshale unaoonyesha penye tatizo, kwa sababu watazamaji wengi si wataalamu wa mionzi.

Majibu ya maabara yaandikwe na kizio chake na kiwango cha kawaida pembeni. Mgeni aliyezoea sukari kwa miligramu kwa desilita hatapata maana ya 5.5 bila kuambiwa ni milimoli kwa lita.

## Kuchapisha

Wachapaji wapo wengi, Kariakoo kwa Dar es Salaam na River Road kwa Nairobi, na kazi ya kawaida humalizika siku hiyohiyo. Shida huwa kwenye faili. Peleka PDF, usipeleke faili la PowerPoint; likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na aina ya herufi zako, mistari yote huhama. Kabla ya kuanza kuandika, weka ukubwa wa ukurasa kuwa ule ule wa bango. PowerPoint inaruhusu hadi sentimita 142, kwa hiyo A0 inaingia.

Karatasi ni nafuu na huonekana vizuri, ila husafiri kwenye mrija. Kitambaa hukunjwa ndani ya begi. Turubai la plastiki kama la matangazo ya barabarani hung'aa chini ya taa na ni zito kwa pini, japo ndilo utakaloshauriwa mara nyingi. Vyovyote iwavyo, chapisha siku tatu kabla, beba nakala kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe, na usiziache pini na gundi kwa matumaini ya kuzikuta huko.

## Majina juu ya bango

Mvutano wa majina umevunja ushirikiano mwingi. Vigezo vya ICMJE vinamtaka kila mwandishi awe amechangia kazi kwa kiasi kikubwa, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Mkuu wa idara ambaye hakuligusa bango anashukuriwa chini. Hawekwi kwenye orodha kwa heshima ya cheo. Mtaalamu wa maabara aliyeyaona mayai na kusaidia kuandika sehemu yake anastahili, na mara nyingi ndiye anayeachwa. Maelewano yafanyike siku ya kwanza, kwa maandishi.

Na msimamizi asiye na muda? Asipelekewe bango zima na ombi la "maoni". Apelekewe ile sentensi moja na mstari wa matukio, na maswali mawili yanayojibika kwa simu.

## Mbele ya bango

Mwandaaji aandae maelezo ya dakika mbili, ayafanyie mazoezi kwa mtu wa fani nyingine, na asisome bango. Mabango mengi huandikwa kwa Kiingereza, lakini mazungumzo mbele yake huhamia Kiswahili upesi; maneno ya pande zote mbili yawe tayari. Maswali mengine yanatabirika. Kwa kisa chetu: kwa nini maji ya uti wa mgongo hayakupimwa? Kwa nini steroidi, na kwa muda gani? Mnajuaje kwamba mayai ya kwenye choo yanahusiana na miguu, wakati watu wengi wa kando ya ziwa wanayo bila dalili hizo?

Swali la mwisho ni zito, na jibu lake la kweli ni kwamba mayai peke yake hayathibitishi. Ni mayai, dalili, MRI na kuondolewa kwa magonjwa mengine kwa pamoja. Asiyekuwa na jibu aseme "hilo hatukulipima", aandike jina la muulizaji, na amtafute baadaye.

## Baada ya kongamano

Kuonyesha bango hakuzuii kisa kuchapishwa. ICMJE haihesabu ikisiri au bango la mkutano kuwa uchapishaji wa awali, mradi mhariri aelezwe. Kazi ya kuandika ianze maswali ya watu yakingali kichwani. Majarida ya visa, kama Journal of Medical Case Reports lililoanza mwaka 2007 na BMJ Case Reports la mwaka 2008, huhitaji ridhaa ya maandishi, na hilo la pili lina fomu yake lenyewe. Kwa hiyo anayedhani siku moja atataka kuandika makala, apakue fomu ya jarida mapema, amsomee mgonjwa, na aisainishe siku ileile ya ridhaa ya bango, angali wodini.